Bunia: Kompyuta yako inachelewa? Kabla ya kudefragmenta diski, weka kwanza kopi ya kazi yako pembeni

Katika mtaa wa Saio, mjini Bunia, dada yangu mdogo ana sekretaria mbele ya nyumba: meza mbili, imprimante moja, kompyuta ya mkono iliyonunuliwa okazio, na nyingine ya mezani ya zamani. Wakati wanafunzi wa vyuo vikuu wanapokaribia kutetea kazi zao za mwisho, watu wanakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila mmoja ana flashi mkononi, na ndani yake TFC ambayo imemla usingizi miezi mingi.

Siku moja mwanafunzi alifika mapema kabisa. Umeme ulikuwepo. Lakini mashini ilichukua karibu dakika kumi kabla ya kuonyesha ukurasa wa kwanza wa kazi yake. Kijana aliangalia saa, akachomoa flashi, akavuka barabara kwenda sekretaria ya jirani. Dada yangu hakusema kitu. Alikuwa amepoteza pesa ya kuchapa kitabu kizima, na mteja ambaye pengine hatarudi tena.

Jioni hiyo, kijana mmoja anayetengeneza simu alipita akamweleza kwamba shida ni diski iliyochanganyika. Alikuwa na programu ya kuipanga upya, ya kulipia lakini iliyovunjwa kufuli, na angeiweka kwa dola chache tu. Dada akaniita kuuliza kama ni kweli ama ni njia ya kumkula pesa.

Jibu ni kwamba kijana yule alisema kweli nusu. Diski inaweza kuchanganyika, na kuna programu za kuipanga. Lakini nusu ambayo hakuisema ingeweza kuleta hasara kubwa: kazi za wanafunzi wote zilizokuwa ndani ya mashini ile. Makala hii ni kwa ajili ya wote wanaoishi kwa kompyuta za okazio hapa Bunia: wenye sekretaria, wanafunzi, walimu, wahasibu wa mashirika madogo, na vijana wanaopakia muziki na filamu kwenye flashi za wateja.

Diski inachanganyika namna gani?

Ndani ya disque dur ya kawaida muna sahani za duara zinazozunguka bila kupumzika, na mkono mdogo wenye kichwa kinachosoma na kuandika. Kwenye kompyuta nyingi za mkono sahani hizo zinazunguka mara 5400 kwa dakika moja. Kwenye nyingi za mezani ni mara 7200. Kichwa kinakwenda mbele na nyuma kutafuta kile ulichoomba.

Windows inagawanya diski katika vyumba vidogo. Kwa kawaida, kwenye mfumo wa NTFS, kila chumba kina kilobaiti 4. Faili ya megabaiti 4 inahitaji basi vyumba zaidi ya 1000. Diski ikiwa mpya, vyumba hivyo vinafuatana. Lakini kadiri unavyofuta na kuongeza vitu, vyumba vinavyobaki wazi vinakuwa hapa na pale, na faili mpya inakatwa vipande ili ienee mahali palipo na nafasi.

Fikiria familia ya watu kumi inayofika usiku kwenye otel. Ikiwa otel ni tupu, watapewa vyumba kumi vilivyofuatana. Ikiwa imejaa karibu yote, mmoja atalala chini, wawili juu, mwingine nyuma karibu na jiko. Hakuna aliyepotea, mwenye otel ana majina yote kwenye daftari lake. Lakini asubuhi, anayetaka kuwaamsha wote lazima azunguke nyumba nzima. Kudefragmenta ni kuwahamisha watu hao ili familia ikae pamoja tena.

Tufanye hesabu. Sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Kwa wastani, kichwa kinangoja nusu ya mzunguko, ni kusema milisekunde 5 na nusu. Ongeza muda wa kichwa kusogea, ambao kwenye diski nyingi ni karibu milisekunde 12. Kila kipande kinachokaa peke yake kinakula basi milisekunde 17 hivi. Faili yenye vipande kumi, hakuna atakayeona tofauti. Faili yenye vipande 2000, ni zaidi ya nusu dakika ya kungoja, hata kabla ya kusoma chochote.

Hapa ndipo kweli inapoanza kutengana na maneno ya wauzaji. TFC ya kurasa 80 bila picha nyingi ni faili ndogo. Hata ikiwa katika vipande vitatu, kudefragmenta hakutaifungua haraka zaidi. Faida inaonekana kwenye mambo mengine: Windows inapowaka na kusoma maelfu ya faili, filamu na video kubwa, faili za hesabu za ofisi, na barua pepe zilizohifadhiwa miaka mingi ndani ya mashini.

Na tuseme wazi: kudefragmenta hakuongezi nafasi kwenye diski, hakuondoi virusi, na hakuponyeshi diski inayokufa.

Kwanza: ujue una diski ya aina gani

Siku hizi kompyuta nyingi zinazoingia mjini, hata za okazio, hazina tena sahani zinazozunguka. Zina SSD, diski isiyo na kitu kinachotembea ndani. Kwenye SSD, kipande kikiwa karibu ama mbali, muda wa kukifikia ni karibu uleule, na ni chini ya milisekunde moja. Kupanga vipande hakuleti faida unayoweza kuiona.

Tena, SSD inachakaa kwa kuandikwa. Watengenezaji wenyewe wanatoa kipimo: kwa mfano, Kingston inahesabu terabaiti 80 za kuandika kwa diski yake ya A400 ya gigabaiti 240. Hiyo ni nyingi, na kudefragmenta mara moja hakutaiua. Lakini kuifanyia hivyo kila wiki ni kuila bure.

Namna ya kujua ni rahisi. Kwenye Windows 10 ama 11 ya Kifaransa, bonyeza kitufe cha Windows, andika neno «défragmenter», kisha fungua «Défragmenter et optimiser les lecteurs». Utaona orodha ya diski zako, na pembeni aina ya kila moja. Ikiandikwa SSD, kazi ya kudefragmenta haikuhusu. Ikiandikwa disque dur, endelea kusoma.

Mwenye SSD asiogope kitufe cha «Optimiser» cha Windows. Tangu Windows 8, chombo hicho kinatambua aina ya diski. Kwenye SSD kwa kawaida kinaiambia tu ni vyumba gani havitumiki tena, kazi inayoitwa TRIM, na inamalizika haraka. Cha kuogopa ni programu za zamani ambazo haziwezi kutofautisha diski hizo mbili.

Flashi za USB na kadi za simu ni jamaa ya SSD. Hazidefragmentwi. Anayekuuzia programu ya kupanga flashi anakuuzia upepo.

Pili: uangalie afya ya diski, na ufanye kopi

Hii ndiyo nusu ambayo kijana wa simu hakuisema.

Kudefragmenta ni kazi nzito. Mashini inasoma vipande vingi, inavihamisha, inaviandika mahali pengine, saa nyingi mfululizo. Diski yenye afya inavumilia. Diski iliyochoka, ambayo imetembea juu ya pikipiki ikiwa inawaka, imekula vumbi na joto, na imezimwa ghafla mara mamia kwa kukatika kwa umeme, inaweza kumaliza maisha yake usiku huo huo. Na ikifa, inaondoka na kila kitu.

Diski zote za kisasa zina daftari la afya ndani yake, linaloitwa S.M.A.R.T. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayolisoma kwa dakika moja. Rangi ya bluu ni nzuri, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Kwenye orodha yake, angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. Inahesabu sehemu za diski zilizoharibika ama zinazoshindwa kusomwa. Hesabu zikiwa sifuri, ni vizuri. Zikianza kupanda, diski inakuaga.

Kompyuta ya mkono ya dada yangu ilikuwa njano. Mstari wa C5 haukuwa sifuri. Kwa maneno mengine, uchelewaji haukutokana na vipande tu: diski ilikuwa inajaribu kusoma sehemu zilizokufa, inashindwa, inarudia tena na tena. Kama tungeiwasha programu ya kudefragmenta usiku ule, pengine asubuhi wanafunzi wangekuta mashini nyeusi.

Kuna dalili nyingine unazoweza kuzisikia bila programu: diski inagonga tik-tik-tik, mashini inaganda kila unapofungua folda fulani, faili zinageuka kuwa na majina ya ajabu. Ukiona moja ya hayo, usidefragmente. Toa kwanza kazi zako ndani.

Hata kama rangi ni bluu, kopi inatangulia. Na kopi moja haitoshi. Weka moja kwenye diski ya nje ama kompyuta ya mtu unayemwamini, na nyingine jitumie kwa barua pepe. Gmail inakubali kiambatanisho cha hadi megabaiti 25, na TFC nyingi hazifiki hapo. Mega utakazotumia ni kidogo kuliko gharama ya kuanza upya sura ya tatu wakati profesa anangoja. Flashi peke yake si kopi: inapotea sokoni, inasahaulika kwenye mashini ya mwingine, inarudi na virusi vinavyoficha folda zako.

Onyo moja kubwa: ikiwa umefuta faili kwa kosa na unataka irudishwe, usiguse kabisa kitufe cha kudefragmenta. Faili iliyofutwa mara nyingi inabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na fundi anaweza kuirudisha. Kudefragmenta kunahamisha vipande vingine na kuviandika katika nafasi hizo. Ni sawa na kulima juu ya nyayo za mtu unayemtafuta. Zima mashini, usiitumie tena, mpelekee fundi.

Tatu: upe diski nafasi ya kupumua

Ili kuhamisha watu wa otel, lazima vyumba vingine viwe wazi. Chombo cha Windows XP kilikuwa kinaomba 15% ya diski iwe tupu ili kazi ifanyike vizuri, na kipimo hicho kinafaa mpaka leo. Kwa diski ya gigabaiti 500, ni kama gigabaiti 75. Diski iliyojaa filamu mpaka ukingoni haitapangika, na itachanganyika tena kesho yake.

Basi, kabla ya yote, mwaga takataka zilizo katika «Corbeille», hamisha filamu na muziki kwenye diski ya nje, toa programu ambazo hakuna anayezitumia. Kisha bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya «Démarrage», uzuie programu zinazojiwasha zenyewe bila sababu. Mara nyingi hatua hii peke yake inarudisha mwendo zaidi ya kudefragmenta.

Nne: tumia kwanza chombo ulicho nacho tayari

Watu wengi wanapoteza mega kutafuta programu ambayo tayari wanayo. Microsoft iliweka chombo cha kudefragmenta katika MS-DOS 6 mwaka 1993, kilichotoka kwa kampuni ya Symantec. Wale waliotumia Windows 95 na 98 wanakumbuka vile vigae vya rangi vilivyokuwa vinahama kimoja kimoja kwenye kioo, na watoto wakikaa kutazama kama televisheni. Chombo hicho hakijaondoka. Kipo kwenye Windows 7, 8, 10 na 11, na ni bure.

Kifungue kama tulivyoeleza juu. Chagua diski, bonyeza «Analyser». Baada ya muda utaona asilimia ya vipande. Katika maelezo yake ya Windows 7, Microsoft ilishauri kupanga diski ikipita 10%. Chini ya hapo, hautaona tofauti. Ikipita, bonyeza «Optimiser», ama «Défragmenter le disque» kwenye Windows 7, uiache ifanye kazi.

Tangu Windows Vista, chombo hiki hakihesabu vipande vinavyozidi megabaiti 64, kwa sababu kichwa kinaposoma kipande kikubwa hivyo, muda wa kusogea unakuwa kitu kidogo sana. Ndiyo maana programu nyingine inaweza kukuonyesha asilimia kubwa ya kutisha, huku Windows inasema mambo ni sawa. Usiogopeshwe na rangi nyekundu ya programu inayotaka ulipe.

Wengi watauliza: kama Windows ina chombo hicho na inajifanyia kazi yenyewe kila wiki, kwa nini diski zetu zinachanganyika? Jibu liko katika maisha yetu. Kazi hiyo ya kujiendesha inapangwa wakati mashini inawaka lakini hakuna anayeitumia, na ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Kwenye Windows 7, saa iliyowekwa ilikuwa saa saba za usiku, kila Jumatano. Nani hapa Bunia anaacha kompyuta inawaka saa saba za usiku? Umeme ukiwepo tunafanya kazi, ukiondoka tunazima, na grupu haiwashwi kwa ajili ya diski. Mashini inaweza kukaa miaka bila kupata hata usiku mmoja wa kujipanga.

Umeme: chagua siku yako

Kudefragmenta diski ya gigabaiti 500 iliyochanganyika sana kunaweza kuchukua saa nyingi. Kwa kompyuta ya mkono, hakikisha betri inashika moto na imejaa, kisha chomeka. Kwa kompyuta ya mezani, usianze bila onduleri, hasa kama umeme wa mtaa wenu unakatika bila kubisha hodi.

Umeme ukikatika katikati, si lazima kazi zako zipotee. Windows inahamisha kipande kwa kukiandika kwanza mahali papya, kisha ndipo inabadilisha daftari, na mfumo wa NTFS una kumbukumbu ya kurekebisha mambo yaliyokatika njiani. Lakini kuzimwa ghafla kunaumiza diski yenyewe, na hakuna programu inayokinga sahani na kichwa. Ukiona mtaa wenu uko katika wiki ya kukatwa-katwa, ngoja.

Unaweza pia kugawa kazi. Ukibonyeza «Arrêter», Windows inasimama salama, na kile kilichokwisha kupangwa kinabaki kimepangwa. Leo saa mbili, kesho saa mbili. Si lazima kumaliza kwa siku moja.

Wenye diski za nje zilizojaa muziki na filamu wana njia fupi zaidi: nakili vyote kwenye diski nyingine, hakikisha vinafunguka, ufute diski ya kwanza, kisha urudishe. Faili zikiandikwa kwenye diski tupu, zinakaa zimefuatana zenyewe.

Programu nyingine: namna ya kuchagua

Kuna sababu za kutaka programu nyingine. Defraggler ya Piriform inakuonyesha faili zipi zina vipande vingi, na inakuruhusu kupanga faili moja ama folda moja tu, bila kugusa diski nzima. Kwa mtu asiye na umeme wa saa nyingi, hilo ni jambo zuri. Contig, ya kundi la Sysinternals la Microsoft, inafanya vilevile kwa amri za kuandika. Ni ndogo sana na haihitaji kusakinishwa. Auslogics Disk Defrag na Smart Defrag ya IObit zina sura nzuri na matoleo ya bure, lakini wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa, uondoe alama kwenye programu nyingine zinazotaka kuingia pamoja. MyDefrag ilipendwa sana zamani, lakini ni ya miaka ambapo SSD ilikuwa bado kitu cha nadra. Usiitumie bila kujua diski yako.

Kabla ya kuchagua, jiulize maswali matano. Je, inatambua SSD? Je, inatumia njia ya Windows yenyewe ya kuhamisha vipande, ama ina njia yake ya siri? Je, inaweza kusimama katikati bila kuharibu? Je, imetoka kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, ama imepita mikono ya watu wengi? Je, inaahidi mambo ambayo kudefragmenta hakuwezi, kama vile kuongeza RAM ama kuzidisha mwendo wa intaneti? Swali moja likijibiwa vibaya, iache.

Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli, tuseme wazi. Programu ya kudefragmenta inapewa ruhusa ya juu kabisa kwenye mashini: inagusa kila faili. Aliyevunja kufuli lake haukumwona, na haujui aliongeza nini ndani. Kwa nini kumpa funguo za nyumba mtu asiyejulikana, wakati mlinzi wa bure yupo tayari mlangoni?

Hata programu halali inahitaji macho. Mwaka 2017, wadukuzi waliingia katika CCleaner, programu maarufu ya kusafisha kompyuta kutoka kampuni ileile ya Piriform, wakaficha virusi ndani ya toleo rasmi la 5.33. Mashini zaidi ya milioni 2 zililipokea kabla ya jambo kugunduliwa. Funzo si kwamba programu zote ni mbaya. Funzo ni kwamba kila programu unayoongeza ni mlango mmoja zaidi, na mlango usiouhitaji ni bora usifunguliwe. Hilo linawahusu hasa wanaobaki na Windows 10, ambayo Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Na kama umefanya yote na bado inachelewa?

Basi shida haiko kwenye vipande. Angalia RAM: mashini yenye gigabaiti 2 inayobeba Windows 10, kivinjari na Word pamoja itachelewa hata diski ikipangwa kama jeshi. Angalia virusi. Angalia joto na vumbi kwenye kipepeo. Kama kila kitu ni sawa na diski ni ya kuzunguka, dawa yenye nguvu kuliko zote ni kuibadilisha na SSD. Uliza bei kwa wauzaji wawili ama watatu kabla ya kununua, na omba wakuonyeshe kwenye CrystalDiskInfo kwamba ni mpya: daftari la S.M.A.R.T. linaandika saa ambazo diski imefanya kazi.

Nyumbani kwetu Saio, tulimaliza hivi. Usiku ule hatukudefragmenta kitu kwenye kompyuta ya mkono. Tulikaa mpaka saa sita za usiku, tukanakili folda za wateja moja moja, tukianza na za wale waliokuwa na siku ya kutetea karibu. Faili tatu zilikataa kabisa kusomeka. Mbili zilikuwa za zamani. Ya tatu ilikuwa ya msichana mmoja wa mwaka wa mwisho; asubuhi dada alimpigia simu kwa moyo mzito, na msichana akajibu kwamba anayo kopi kwenye barua pepe yake. Diski ile ilizima moja kwa moja siku chache baadaye, ikiwa tupu.

Kompyuta ya mezani, yenyewe, ilikuwa na afya nzuri na vipande vingi. Hiyo tuliipanga kwa chombo cha Windows, Jumapili mchana, kwa onduleri ya jirani, bila kulipa hata franka moja. Haikugeuka kuwa mpya. Lakini sasa, mteja akikaa kwenye benchi na kutoa flashi, Word inafunguka kabla hajaanza kuangalia saa.

Juu ya meza, karibu na imprimante, dada yangu amebandika karatasi yenye mstari mmoja kwa wanafunzi: kabla ya kuondoka, jitumie kazi yako kwa barua pepe. Wengine wanacheka. Lakini wengi wanaitii.